Mwonjaji wa Chungu cha Matanga

Mvua ilinikuta mtaa wa Kimanga, nikaingia katika duka la kwanza nililoliona wazi. Nilikuwa nimerudi Uvira karibuni tu, nikiwa na diplome yangu ya uuguzi niliyoipata ng'ambo, na viatu vya ngozi ambavyo sikutaka viguswe na matope. Mwenye duka alinijua. Alinifutia kiti kwa kitambaa, akaniita Madamu, nami nikakaa kama mtu anayestahili kufutiwa kiti, maana nilistahili. Kisha upepo ukageuka kutoka ziwani, ukapita juu ya magunia yaliyopangwa mlangoni, ukaniletea harufu ya chumvi iliyolowa.

Watu wengi hudhani chumvi haina harufu. Inayo. Ni harufu ya katani iliyoloa, na vumbi, na kitu kingine kinachofanana na jasho lililokaukia kwenye nguo. Niliinuka nikatoka nje kwenye mvua na viatu vyangu, mwenye duka akabaki na kitambaa mkononi. Nadhani hadi leo anaamini alinikosea.

Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliokula mchele wa Bwegera mkiwa watoto na mnaojua jinsi jua la bonde lile linavyompiga mtu kichwani. Mnajua pia kwamba mimi sikubebwa na mtu. Baba alikuwa mkulima wa mpunga, hakuwa na ndugu katika ofisi yoyote ya Wabeleji, na mama hakujua kuandika jina lake. Nilipofika nimefika kwa kichwa changu. Nasema hivyo mapema ili msidhani ninayoyasimulia hapa ni malalamiko ya mtu aliyeshindwa maisha.

Mdogo wake baba alikufa kwa kifua. Alikohoa muda mrefu, kwanza shambani, kisha uani, mwishowe kitandani, akatoka duniani akiwa mwepesi kama ganda la mpunga. Alimwacha mke wake, ambaye sisi watoto tulimwita Mama Mudogo. Hawakuwa na mtoto. Alikuwa mwanamke mrefu, rangi ya maji ya kunde, mwenye maneno ya kuchekesha yasiyoisha. Mimi nilikuwa mtoto wa kusema sana, na yeye ndiye aliyekuwa akinitania kuliko wote.

“Weye,” angesema, “ile ulimi yako siku moja kuku itaiona, itafikiri ni munyoo.”

“Kuku ya nani, Mama Mudogo?”

“Ya kwangu. Minye mwenyewe nitaifungulia.”

Katika ukoo wetu matanga yalikuwa na sheria zake. Mjane hakula chumvi tangu siku ya kumzika mume hadi mpunga mpya uvunwe. Siku hiyo ndugu wa marehemu humnyoa, humvika kikwembe kipya na kumpa sahani ya maharage yenye chumvi, na kuanzia hapo anakuwa mtu huru, akitaka abaki, akitaka arudi kwao. Wakati wa matanga mjane hapiki, hupikiwa katika chungu chake kidogo kilicho na mafiga yake. Na kabla hajapelekewa chakula, msichana mdogo wa nyumba hukionja mbele ya watu na kusema kama ni safi. Mtoto huchaguliwa kwa sababu ulimi wake, walisema wazee, bado haujui kupendelea.

Nilichaguliwa mimi. Mama ndiye aliyempikia Mama Mudogo, na Nyogokuru, yaani bibi yangu mzaa baba, ndiye aliyesimamia matanga yote. Alikuwa ameifungia chumvi ya nyumba nzima chumbani mwake. Kila adhuhuri alikaa kwenye kizingiti cha jiko akaniita.

“Kuja hapa. Onja.”

Ningechovya kidole katika sombe ya majani ya muhogo au maharage, ningenyamaza kidogo ili watu wanisubiri, kisha ningesema kwa sauti: “Haina.”

“Haina kabisa?”

“Haina kabisa, Nyogokuru.”

Ndipo mama angekibeba chungu hadi nyumba ya mjane. Hamwezi kujua utamu wa jambo lile kwa mtoto wa umri wangu. Watu wazima walisimama kungoja neno langu. Nafikiri nilianza kuwa mtu mkubwa siku ile ya kwanza, na tangu hapo sijaacha.

Mama Mudogo alianza kuwa mweusi. Hata kabla ya msiba alikuwa ameshaanza kuchoka upesi, lakini sasa rangi yake yenyewe iligeuka. Weusi ulianzia kwenye vifundo vya vidole na viwiko, ukaingia katika makovu ya zamani, ukajipanga katika mistari ya viganja kama masizi yaliyokataa kuoshwa. Siku moja alipopiga mwayo niliona hata fizi zake zina madoa, kama mtu aliyekula zambarau. Wanawake waliokuja kumtembelea walitikisa vichwa kwa heshima.

“Huyu analia na mwili,” walisema. “Wengine banalia na macho tu.”

Nyogokuru alifurahi, ikiwa naweza kulitumia neno hilo. Mwanawe alikuwa akililiwa vizuri.

Mimi nami nilijitengenezea maelezo yangu. Niliona huzuni ilikuwa ndani ya Mama Mudogo kama moshi ndani ya nyumba isiyo na dirisha, na sasa ilikuwa imepata njia ya kutokea, kwenye ngozi. Ikiisha kutoka yote angeoga mtoni na rangi yake ingerudi. Na chumvi ilikuwa ya nini? Nilikuwa nimewaona wanawake wa ufukweni wakitia samaki chumvi ili asiharibike, ili kilicho ndani yake kibaki ndani. Basi hesabu ikawa rahisi. Mjane akila chumvi, huzuni ingefungiwa ndani yake milele kama nyama ya samaki, naye angekufa kwayo. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilibuni mwenyewe, nikaamini kuliko katekisimu, na kuanzia hapo sikuonja tena kwa ajili ya Nyogokuru. Nilionja kwa sababu nilimpenda Mama Mudogo na nilitaka apone.

Lakini yeye alizidi kupungua. Akiinuka kutoka mkekani alishika ukuta, akangoja macho yarudi, kisha ndipo apige hatua. Chakula alikitapika. Utani ulimwisha. Nilimkuta mara moja nyuma ya zizi la jirani, amepiga magoti penye udongo wa chumvi ambao wachungaji huuleta kwa ajili ya ng'ombe, anaulamba kiganjani. Aliponiona alijifuta mdomo.

“Naonja tu kama weye,” alisema.

Nilicheka, nikadhani kweli ni mchezo.

Wakati huo alikuja Bi Zaina kutoka Uvira. Alikuwa mfanyabiashara, Mwislamu wa zile familia za zamani za ziwani, aliyepanda bondeni kununua mpunga na kutuletea mafuta, sabuni na chumvi ya Uvinza. Alifika kutoa pole, akamtazama mjane aliyelala kivulini mwa nyumba, akamtazama tena, kisha akamgeukia Nyogokuru.

“Huyu munamulisha nini?”

“Kila kitu. Ila chumvi tu.”

“Chumvi imekosa nini?”

“Iko na matanga. Kwenu mujane hana sheria?”

“Iko nayo, mama yangu. Eda yetu hata manukato inakataza. Lakini chumvi?” Bi Zaina alijipepea na ncha ya ushungi wake. “Mwenyezi Mungu alimuchukua bwana yake. Weye unataka kumuongezea na bibi?”

Nyogokuru alicheka kwa adabu, kama tunavyocheka maneno ya mgeni. Mama alikuwa akipepeta mpunga wa Bi Zaina pembeni.

Baada ya safari ile Mama Mudogo alianza kupata nguvu, na mimi nikasema moyoni kwamba huzuni sasa inakaribia kwisha. Aliweza kukaa. Aliweza kutembea hadi mto mdogo ulio chini ya mashamba. Siku moja alimwiga katekista wetu anavyopiga chafya katikati ya sala, na ua mzima ukacheka. Ni Nyogokuru peke yake ambaye hakucheka. Alikaa akimtazama mjane wa mwanawe, na kicheko kile, nadhani, kilimwingia kama mwiba.

Kesho yake adhuhuri alifanya jambo jipya. Hakukaa kwenye kizingiti cha jiko. Nilionja kama kawaida, nikasema haina, mama akakibeba chungu. Alipofika mlangoni kwa Mama Mudogo alimkuta Nyogokuru amekaa hapo pamoja na shangazi zangu.

“Weka chini,” Nyogokuru alisema. Kisha akaniita. “Onja tena.”

Nilifurahi kuonja mara mbili. Nilichovya kidole, na kabla sijakitoa mdomoni nilijua. Ilikuwa kidogo sana. Mtu mwingine asingeihisi. Mimi niliihisi, na lililonijia kwanza lilikuwa kiburi, kwamba ulimi wangu ni mkali kiasi kile. Halafu hofu, kwa ajili yake.

“Iko,” nilisema.

“Iko nini?”

“Iko na chumvi.”

Shangazi mmoja alishika kichwa. Nyogokuru aliangalia chungu, kisha akamwangalia mama aliyekibeba, taratibu, kama mtu anayefuata siafu hadi kwenye tundu lao.

“Nani alitia?”

Mama alikuwa bado ameinama, mikono ikiwa kwenye chungu. Midomo yake ilifunguka. Lakini Mama Mudogo alishasema kutoka ndani.

“Ni minye.”

“Weye ulitia lini, wakati chungu kilikuwa kwa mikono ya huyu?”

“Jana nilitia chumvi mu chungu, kikabakia nayo. Ni minye, Mama. Usiulize muntu mwingine.”

“Uliitoa wapi?”

“Kwa ng'ombe.”

Shangazi walitoa maneno ambayo sikuwahi kuyasikia yakielekezwa kwa mtu wa nyumba yetu. Kwamba amechoka kumlilia mume kabla mume hajaoza. Kwamba huenda alikuwa amechoka naye hata akiwa hai, na kile kikohozi, nani ajuaye, kilitoka katika sahani ya nani. Mama Mudogo hakujitetea. Mama alisimama, akarudi jikoni, akakaa akiutazama moto ambao haukuwa na chungu juu yake.

Waliniweka mimi kuwa mlinzi. Kuanzia siku ile nilionja mlangoni kwake, nikakaa naye hadi amalize kula. Zizi la jirani lilizungushiwa miiba. Hata ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, waliondolewa kwenye paa la jiko asije akawanyonya. Na mwili wake ukaanguka kama ukuta wa udongo mvua inapoupiga chini. Hakuinuka tena mkekani bila kushikwa. Ngozi ilikuwa baridi hata jua lilipokuwa kali, na weusi ulizidi, nami niliutazama weusi ule kwa matumaini.

Asubuhi moja mama alipokuwa shambani, aliniita nisogee. Sauti ilikuwa imeshuka sana.

“Mulinzi.”

“Minye hapa, Mama Mudogo.”

“Nyogokuru iko wapi?”

“Alienda misa.”

“Niletee kidogo. Sawa mbegu ya mutama tu. Weka kwa kidole yako, kama unavyoonjaga.”

Nilijua chumvi ilipofichwa. Nilijua na kamba ya mlango wa Nyogokuru inavyofunguliwa. Nilimshika mkono, nikapitisha kidole changu katika ile mistari ya kiganja chake, nikamwambia kwa upole wote niliokuwa nao: “Vumilia. Iko karibu kutoka yote.”

Alinitazama kwa muda. Sidhani alielewa nilichokuwa nikisema, lakini aliona kwamba sikukusudia ubaya. Alicheka, ndiyo, alicheka.

“Basi,” alisema. “Weye ni mulinzi muzuri sana.”

Walimpakia kwenye machela ya kipoyi kumpeleka dispansere ya misheni alipoacha kujibu watu. Hawakufika mbali. Walimteremsha kando ya njia, penye kivuli, wakarudi naye amefunikwa uso.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Nilisifiwa. Nyogokuru, ambaye alikuwa amelia kweli, alisimama mbele ya waombolezaji akasema marehemu amekufa na matanga yake yakiwa safi, kosa lake limefutwa, na atazikwa ubavuni mwa mume wake kama mke mwema. Akanivuta mbele. “Ni huyu alimulindia heshima yake.” Sahani ya kwanza ya maharage yenye chumvi ya kufungua matanga nilipewa mimi. Niliila yote. Ilikuwa tamu. Mama hakula, alisema tumbo linamuuma.

Miaka ilipita, nikasoma kwa masere, watawa wa misheni, nikavuka mpaka, nikavuka bahari. Haya mnayajua, nimekwisha kuwasimulia wengi wenu. Katika shule ile ya ng'ambo daktari aliyetufundisha alichora figo mbili ubaoni, na juu ya kila moja akachora kitu kama kofia ndogo iliyokaa upande. Tezi adrenali, alisema. Ndogo hivi, mtu angeweza kuzitupa zote mbili katika kijiko, lakini ndizo zinazoushika mwili usiyumbe. Zikitoa homoni moja, figo huambiwa: msiiache chumvi itoke na mkojo. Chumvi ikibaki, maji hubaki, na maji yakibaki damu huwa na msukumo wa kumsimamisha mtu wima. Homoni nyingine humfanya mtu aweze kubeba njaa, ugonjwa, msiba. Nyingine huukimbiza moyo hatari inapotokea. Mtu mzima mwenye tezi hizi hajui hata kama anazo.

Kisha akaeleza zinavyoharibika. Kifua kikuu kinaweza kutoka mapafuni kikaenda kuzila. Hapo mwili huvuja chumvi kama mtungi uliopasuka. Mtu akiinuka huona giza, hukonda, hutapika. Na ubongo, ukiona tezi zimenyamaza, huziita kwa nguvu, huziita bila kuchoka, na wito huohuo unaopita katika damu ndio unaotia ngozi weusi. Katika vifundo, alisema. Katika makovu. Katika fizi.

Na katika mistari ya viganja, nikasema mimi kabla hajafika.

Aligeuka. Akauliza, mgonjwa wa namna hii atatamani nini? Nikajibu: chumvi. Akauliza nimejuaje. Nilimwambia nimesoma.

Katika mtihani swali lilikuwa hilo, na nilipata alama za juu kuliko wote. Diplome yangu imetundikwa ukutani, mgeni yeyote huiona kwanza anapoingia kwangu, na napenda aione. Lakini sehemu ya diplome hiyo nililipiwa na Mama Mudogo. Najua kwamba chumvi peke yake isingemponya, kwamba dawa yenyewe haikuwapo bondeni kwetu. Ingemwongezea muda tu. Muda ule ndio niliokuwa nikiuonja kwa kidole.

Niliporudi nilienda Bwegera kumwona mama. Alikuwa mzee, amekaa uani na ungo mapajani akichambua mchele. Nilikuwa nimebeba jambo hili peke yangu muda mrefu, nikafikiri kwamba mtu aliyesoma huwasaidia wasiosoma kuelewa. Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote: figo, tezi, kifua cha baba mdogo, weusi, chumvi. Nilieleza vizuri sana. Nilimwambia wazee hawakujua, mimi nilikuwa mtoto, hakuna wa kulaumiwa. Alikuwa akichambua, akichambua, kisha vidole vikasimama.

“Kwa hiyo ile chumvi ilikuwa inamushika.”

“Ndiyo hivyo, mama.”

“Wakati alikuwa anacheka tena. Ile wakati alimwiga katekista.”

“Ndiyo. Udongo ule wa ng'ombe ulimsaidia kidogo.”

“Hapana, haikuwa ya ng'ombe.” Hakuniangalia. “Bi Zaina alinipatia chumvi, nikaifunga mu kikwembe. Weye ukisha kuonja, minye natia njiani. Kila siku nilitia. Mpaka ile siku.”

Nilimsikia kuku akiparura nyuma ya nyumba.

“Alisema ni yeye,” nikasema.

“Aliniona nataka kusema, akaniwahi. Na minye nikanyamaza. Nilikuwa na ninyi watoto, wangenifukuza.” Aliokota jiwe dogo katika mchele, akalishika badala ya kulitupa. “Kisha nikaacha kutia. Niliogopa ulimi yako. Miaka yote nilikuwa najiambia, ilikuwa utamu ya mudomo tu, nilimunyima utamu kidogo, Mungu atanisamehe ile. Sasa weye umesoma, umekuja kuniambia ilikuwa roho yake.”

“Mama, sikujua.”

“Hapana, weye unajua sana.”

Alisema bila hasira. Nilinyoosha mikono nimpokee ungo, nimsaidie kuchambua. Hakuuachia. Tulikaa hivyo, ameshika upande wake na mimi wangu, mchele katikati yetu, hakuna aliyevuta.